Bustani ya Mama Dorkasi, Iliyofyekwa kwa Upendo

Wasikilizaji wapendwa, mlioko hapa mjini Karatu, mlioko mashambani, na ninyi mlioko kule juu Nainokanoka ambao hunipata mkishapanda kilima, nawasalimu. Ongezeni sauti kidogo. Leo sitapiga muziki. Leo namkumbuka mtu, na namkumbuka nikiwa na hofu. Mkisikia sauti yangu inatetemeka, msidhani ni mitambo.

Mtu huyo ni Sabina Tluway. Wengi mlimwita Mama Dorkasi. Amezikwa nyumbani kwake, kitongoji cha mwisho kabla hujaingia msitu wa Ngorongoro. Narudia kwa waliochelewa kuwasha redio: Sabina Tluway, Mama Dorkasi, yule mama wa bustani ya nyuki. Amefariki kwa ugonjwa wa moyo, kitandani kwake, mume wake akiwa amemshika mkono. Hakuuawa na nyuki. Nalisema mapema kwa sababu huko mtaani nimeshasikia mengine.

Juzi hapa nje ya studio, kijana mmoja wa bodaboda alikuwa anawaambia wenzake, "Mama wa nyuki kamalizwa na nyuki wake!" Wakacheka sana. Nikamwambia, kijana, zima pikipiki nikueleze. Akaniambia, "Mzee, nina abiria." Haya. Wewe uliyekuwa na abiria, kama redio iko wazi hapo kijiweni, keti sasa. Abiria ameshafika.

Sabina alizaliwa upande wa Mbulu, katika familia ya wakulima. Nyuma ya zizi la baba yake kulikuwa na mti, na juu ya mti mizinga ya magogo. Akiwa msichana mdogo alitumwa maji na punda. Akamfunga punda kwenye ule mti, akaingia ndani kuchukua madumu. Punda akaanza kujikuna mgongo kwenye shina. Gogo moja likateleza, likaanguka.

Sabina aliniambia habari hii miaka mingi iliyopita, amekaa kwenye kigoda anapukuchua mbaazi, wala hakuinua macho. "Fundo nililifunga mwenyewe," alisema. "Nilikuwa nimefundishwa kufunga vizuri. Punda akavuta, fundo likakaza. Mimi niko nyuma ya mlango, namsikia. Mwanzo alilia kama punda. Halafu akalia kama kitu kingine."

Tangu siku ile, Sabina aliwaogopa nyuki. Wasikilizaji, likamateni hilo, maana watu wanadhani yule mama alikuwa rafiki wa nyuki, kwamba alikuwa na dawa, kwamba walikuwa wanamtambua kwa harufu. Hapana. Aliwaogopa mpaka mwisho. Binti yake Dorkasi ananiambia: "Nyuki mmoja akiingia jikoni, mama anatoka na sufuria mkononi, ugali unabaki na moto wake. Anasimama uani ananiita mimi nikamtoe."

Sasa mtauliza, mtu mwenye hofu hiyo alipataje kuwa na bustani iliyovuma nyuki asubuhi hadi jioni? Nitawaambia. Aliogopa kitu kingine zaidi.

Sabina aliolewa na Patrisi, fundi wa kuta za mawe, wakahamia huku Karatu na kupata kishamba karibu na msitu. Ilikuwa miaka ile loji zinachipuka kama uyoga. Sabina akapata kazi ya gaden, ya kutunza maua, kwenye loji iliyokuwa jirani na shamba lao. Jina lake silitaji. Imeshabadilisha wenyewe na mabango. Wageni walitaka maua mengi. Wadudu hawakuwataka. Meneja alimwambia, "Sabina, mgeni akidungwa hapa barazani, tutaondoka mimi na wewe." Basi kila alfajiri Sabina alivaa bomba la dawa mgongoni akapuliza maua yote, kabla wageni hawajatoka kunywa chai na kupanda magari ya kwenda kreta.

Asubuhi moja, baada ya dawa mpya kuletwa, alikuta baraza limejaa nyuki wameanguka. Wengine walikuwa bado wanazunguka kwa mgongo, miguu juu. Alichukua ufagio akawazoa, kizoleo kikajaa, akaenda kumwaga, akarudi, kikajaa tena. Na alifurahi. Ndiyo, alifurahi, mwenyewe alisema. Aliona amemlipia kisasi yule punda.

Msimu ule maboga ya Sabina yalitoa maua kuliko mwaka wowote. Shamba zima la njano. Lakini kaboga kanatokea, kanakuwa kama kidole gumba, kanageuka rangi, kanaoza. Kila kamoja. Kwa jirani hivyo hivyo, na kwa jirani wa jirani. Kumbukumbu yangu ni ndefu, na mnaonisikiliza mnajua hiyo ndiyo inanifanya nichukiwe na wengine. Nakumbuka maneno ya mwaka ule. Wengine walisema mbegu ni feki. Wengine walisema kuna mtu ana jicho baya. Familia moja ilimfukuza shangazi yao kwa sababu ya maboga, wasikilizaji. Shangazi wa watu, na kitita chake kichwani, anashuka barabarani kwa sababu boga limeoza.

Sabina ndiye peke yake aliyejua. Aliingia shambani asubuhi, maua yote yamefunguka, jua limetoka, akasimama. "Nilisikia pumzi yangu," aliniambia. "Hakuna kingine. Nikasimama pale katikati ya maua nasikia pumzi yangu kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Hapo ndipo nilipoogopa. Ya punda ilikuwa ndogo."

Kwa mliosahau masomo ya shule, nami nimejifunza haya ukubwani kwa kuuliza na kusoma makaratasi ya kufungia vitumbua: boga lina ua dume na ua jike. Ua jike lina kiboga kidogo nyuma yake. Vumbi la njano la ua dume lazima lifike kwenye ua jike. Haliruki lenyewe. Mtu wa kulibeba ni nyuki, au mdudu mwingine mwenye shughuli hiyo. Asipokuja, kiboga kinaoza. Basi. Hakuna jicho baya. Ni sisi na mabomba yetu.

Sabina na Patrisi wakaanza kufanya kazi ya nyuki kwa mikono. Mapema, umande ukiwa bado chini, wanachuma ua dume, wanatoa majani yake ya njano, wanapaka ndani ya ua jike. Moja baada ya jingine, wameinama, shamba zima. Mzee Patrisi akashika kiuno akasema, "Mama Dorkasi, mimi wakati nakuoa nilitumia mshenga. Leo nimekuwa mshenga wa maboga."

"Nyamaza ufanye kazi," Sabina akamwambia, "bibi harusi anasubiri."

Wanandoa hawa walicheka sana, Dorkasi anakumbuka. Lakini usiku ulipoingia mama yake hakuweza kunyoosha mgongo, na aliyoyapaka ni machache tu. Maboga ya mshenga yalishika. Mengine yote yalioza.

Sabina akarudisha bomba la loji. Akaanza bustani.

Naomba nieleze ilivyokuwa, maana haipo tena. Ukifika pale ungedhani nyumba imehamwa. Kuzunguka uwanja aliacha utepe mpana haulimwi. Mashona nguo yaliota, na majani mengine ambayo sisi tunayang'oa kwa hasira. Vitunguu aliviacha vingine vikatoa vichwa vya maua meupe. Giligilani, alizeti, mbaazi za kuzungushia. Karai la maji lilikaa kivulini, limejaa mawe, ili nyuki akitua kunywa asizame. Chini ya paa alifunga mafungu ya mianzi iliyokatwa, ile yenye matundu, kwa wale nyuki wanaoishi mmoja mmoja. Upande wa juu aliacha kipande cha udongo mtupu, hakipandwi, hakikanyagwi, kwa sababu kuna nyuki wadogo weusi wanaochimba vishimo ardhini na kulala humo. Na kwenye mringaringa mkubwa, Patrisi alimtundikia mizinga ya magogo.

Chini ya mringaringa ule Sabina alipanda uzio wa miiba. Uzio mzito, umezunguka mti kote, hata kuku hapiti. Kumbukeni uzio huo. Aliupanda kwa sababu alikuwa anaogopa. Alikuwa na punda kichwani. Alijua nyuki wa huku hawana mzaha, akataka mtu yeyote, au mnyama yeyote, asiweze kufika chini yao hata kwa bahati mbaya. Miaka yote ile hakuna mtoto aliyedungwa akalazwa. Uzio ndio uliotufanya tukasahau kuogopa.

Jirani yake Fabian, ambaye kazi yake ni kupulizia watu mashamba, alikuwa akipita na bomba mgongoni anapiga kelele toka njiani: "Mama Dorkasi! Naona leo unafuga magugu!"

"Nafuga," anajibu. "Na wewe bomba lako lina nini?"

"Manukato!"

"Haya, nenda ukampulizie mkeo."

Walitaniana hivyo mpaka siku aliyomwita ndani, akampa maziwa, akamwomba kitu kimoja tu. Asipige dawa mchana wakati maua yamefunguka. Apige jioni, nyuki wakishalala. Fabian alikunja uso, akasema wateja wanataka asubuhi. Lakini alikubali, na ahadi hiyo aliishika. Nyote mnaoishi upande ule mnajua: Fabian akiitwa asubuhi anasema, "Nitakuja jua likishuka." Hata sokoni Sabina alikuwa anasimama mlangoni kwa mwenye duka la pembejeo, anamwambia kila anayetoka na chupa, "Jioni, mwanangu, jioni." Mwenye duka akalia, "Mama, unanifukuzia wateja!" Baada ya muda yeye mwenyewe akawa anawaambia wateja jioni, ili tu yule mama aende nyumbani.

Lakini kero aliipata. Nakumbuka ile kampeni ya usafi wa kaya. Kamati ya kitongoji ilipita nyumba kwa nyumba, wamevaa fulana mpya, wanatazama uwanja umefagiwa au haukufagiwa. Kwetu sisi uwanja mweupe ndio heshima. Majani mlangoni ni uvivu, au nyoka, au mambo ya giza. Walipofika kwa Sabina walichukua chaki wakaandika ukutani, herufi kubwa: CHAFU. Yeye hakuifuta. Iliondoka na mvua za masika. Na walioandika hayo walikula maboga mwaka ule, wakauza mbaazi mwaka ule, wakakamua alizeti, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza nani alikuwa akizunguka kwenye maua yake kila asubuhi, na alikuwa analala kwa nani. Nimekasirika tangu siku ile na bado nimekasirika. Tumekalishwa kwenye semina ngapi, tukanywa soda, tukaambiwa mazingira, mazingira? Mazingira yenyewe yakiwa mlangoni kwa mama mmoja tukayaandikia chaki.

Sasa nafika kwenye msiba. Vumilieni.

Mnajua desturi yetu. Habari ya kifo ikitoka, kabla machozi hayajakauka, majirani wanafika na vifaa. Wanaume na mafyekeo, wanawake na majembe na fagio. Kwa mfiwa lazima pawe peupe. Wageni wanakuja, padri anakuja, turubai linakuja. Na mfiwa haamrishi kitu. Anakaa ndani, anafarijiwa, kazi iko mikononi mwa watu. Ni desturi nzuri. Mimi mwenyewe imenibeba nilipofiwa. Lakini jamani.

Dorkasi alikuwa ameshuka mjini kuchukua mwili, uliokuwa umehifadhiwa hospitali. Mzee Patrisi alikuwa ndani na wazee wenzake. Mguu wake ulivunjika zamani kwenye ukuta aliokuwa anajenga, hatembei bila fimbo. Alisikia mafyekeo nje, swa, swa, swa. Aliniambia: "Nilidhani wanasafisha njia ya kaburini. Na mimi ni mfiwa, nitatoka niseme nini? Niwaambie watu waliokuja kunililia waache kazi?"

Walifyeka kila kitu. Mashona nguo, vitunguu vya maua, giligilani, vyote. Mianzi waliishusha, wakaona ni kuni, ikaenda jikoni. Karai lilimwagwa mawe, likaoshewa mchele. Wachimba kaburi walitafuta mahali peupe pasipo mizizi, wakapaona: kile kipande cha udongo mtupu. Na uzio wa miiba chini ya mringaringa waliukata wote, wakasema mama wa watu alikuwa ameshindwa hata kupunguza miiba, maskini, moyo ulikuwa unamsumbua. Kivuli kizuri. Wakaweka jenereta hapo. Yale majani mabichi wakayarundika kando wakayawasha.

Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Nataka mnisikie vizuri. Walikuwa wanalia huku wanafyeka. Mmoja wa akina mama wa jumuiya aliniambia, "Tulitaka Mama Dorkasi alale pasafi."

Gari la mwili lilifika kama saa sita. Nilikuwepo. Jeneza likawekwa mezani katikati ya uwanja, mzee Patrisi akaletewa kiti kando yake. Kwaya ikasimama. Jenereta lilikuwa linanguruma chini ya mti, moshi mzito unapanda moja kwa moja kwenye matawi. Dorkasi alishuka garini, akatazama uwanja. Nilimwona anatazama, hakuelewa yuko kwa nani. Halafu akainua macho kwenye mringaringa, akasema, kwa sauti ndogo kabisa, "Zimeni hilo jenereta."

Hakuna aliyesikia. Kwaya ilikuwa imeanza.

Kitu cha kwanza ilikuwa sauti. Mimi nilidhani ni spika imeharibika. Mlio ulishuka kutoka juu ukaongezeka, ukaongezeka, mpaka ukauhisi kwenye meno. Kisha mpiga kinanda akajipiga kofi shingoni. Halafu mama mmoja akapiga kelele. Halafu wote.

Wasikilizaji, nimeona watu wakikimbia mambo mengi, sijawahi kuona vile. Viti vya plastiki vinaruka. Katekista amejifunika kanzu kichwani, haoni, anagonga ukuta. Watu wanajirusha ndani ya nyumba mpaka mlango unakwama kwa miili. Mimi nilijikuta ndani ya banda la mbuzi, sijui niliingiaje, nimelala juu ya samadi, nachungulia kwenye nafasi ya mbao. Na uwanja ulikuwa mtupu. Jeneza liko mezani peke yake, limejaa maua ya dukani yasiyo na harufu. Na kando yake, mzee Patrisi.

Hakukimbia. Mguu usingemruhusu, lakini hata hakujaribu. Alikuwa ameshika mpini wa jeneza kwa mikono miwili. Kichwa chake kilikuwa cheupe kwa mvi. Nikaona kinabadilika rangi, kinakuwa cheusi, na ule weusi unatembea.

Mtu mmoja alitoka. Naserian, rafiki wa Sabina, aliyeshuka kutoka Nainokanoka kumzika. Miaka mingi alimletea Sabina mbegu za maua ya kule juu, na Sabina akimpa mbaazi. Alitembea, hakukimbia, alivua shuka lake akalichovya kwenye pipa la maji la wapishi, akamfunika mzee. Akaanza kumvuta. Mzee akakataa. Nilimsikia toka kule bandani: "Siwezi kumwacha peke yake! Niache! Siwezi kumwacha!"

"Baba, twende," Naserian anamwambia, na uso wake unavimba wakati anasema. "Yeye haumwi tena. Wewe ndiye unaumwa. Twende."

Mpini hakuuachia. Nyuki waliingia chini ya shuka.

Hapo watu ndani ya nyumba wakaanza kuita dawa. Dawa! Dawa! Fabian! Fabian alikuwa amekimbilia kwake, ni jirani, na alirudi amevaa koti la mvua, bomba mgongoni, kitambaa usoni. Akafika chini ya mringaringa. Akasimama. Mkono uko kwenye mpini wa bomba, na hapigi.

Dorkasi alikuwa nyuma ya gari. Akatoka.

Fabian akamwambia, na sauti yake naisikia mpaka leo, ilikuwa sauti ya mtoto anayeogopa kuchapwa: "Dada, ni mchana. Mama yako alinikataza mchana."

Dorkasi alitazama mizinga ya mama yake. Alimtazama baba yake chini ya shuka, anatikisika. Wasikilizaji, alikuwa na muda wa kuvuta pumzi tu.

Akasema, "Piga."

Fabian hakusogea.

"Fabian, piga. Ni mimi nasema. Piga!"

Akapiga. Alipuliza midomo ya mizinga yote, akapuliza hewani, akapuliza mpaka bomba likakohoa. Nyuki wakaanza kuanguka juu ya turubai, mmoja mmoja, kama mvua inayojaribu. Kisha kwa wingi. Kisha kimya. Mtu mmoja akazima jenereta, na kile kimya kikawa kikubwa zaidi. Nikasikia pumzi yangu.

Mzee Patrisi alibebwa na gari lile lile lililoleta mwili, akakimbizwa hospitali, macho yamefumba kwa uvimbe. Yuko hai. Narudia, kwa ndugu walio mbali mnaosikia haya: mzee Patrisi yuko hai na amerudi nyumbani. Lakini hakumwona mkewe akishushwa kaburini.

Kabla ya kuzika, ilibidi jeneza lifutwe. Lilikuwa limefunikwa. Dorkasi hakumruhusu mtu mwingine. Alichukua ufagio akawazoa nyuki juu ya mama yake, kizoleo kikajaa, akaenda kumwaga, akarudi, kikajaa tena. Wengine walikuwa bado wanazunguka kwa mgongo.

Hivyo ndivyo tulivyomzika Sabina Tluway.

Je, Dorkasi alikosea? Naserian anasema maji yangetosha, shuka la pili lingetosha, moto ungefukiwa. Labda. Naserian ana haki ya kusema, alikuwa pale. Mimi nilikuwa kwenye samadi. Anayetaka kumhukumu yule binti anipigie simu, na kwanza aniambie yeye alikuwa banda gani. Wala Fabian msimguse. Fabian amelitupa bomba lake, anasema mikono inanuka na hainawiki.

Nimekasirika na nani basi? Na chaki. Na heshima yetu ya uwanja mweupe. Na huu ujinga tunaourithishana kwamba jani lisilolimwa ni aibu, kwamba mdudu ni adui, kwamba kumpenda marehemu ni kumfyekea. Tuliufyeka uzio uliotukinga, halafu tukashangaa hatari ilitoka wapi.

Jana nilipanda kwa wafiwa. Nilifika asubuhi. Dorkasi amelirudisha karai kivulini, ameokota mawe akayapanga, ameweka maji. Kila mara anakwenda kuchungulia. Nikamuuliza, kuna kitu? Akasema, "Juzi alikuja nzi wa maua mmoja. Labda alikuwa nyuki. Sikumwona vizuri, nilikuwa nalia."

Maboga ya Sabina yalikuwa pembeni huko chini, hayakufyekwa. Yamechanua. Shamba lote la njano, na hakuna sauti. Nikamkuta mzee Patrisi katikati, amekaa chini kwa sababu ya mguu, anajikokota kwa makalio toka ua hadi ua. Macho yake bado hayajafunguka vizuri. Ana ua dume mkononi, anapapasa kutafuta ua jike.

Nikasema, "Pole, mzee. Pole sana na kazi."

Akanigeuzia uso. "Nimerudi kwenye ushenga," alisema. Akangoja, kama mtu anayengoja kujibiwa. Alikuwa anangoja kuambiwa anyamaze afanye kazi. Mimi sikuwa na haki ya kusema hivyo. Nikainama tu, nikachuma ua.

Mzee Patrisi, Dorkasi, na ukoo wote wa Tluway, huku na Mbulu: poleni sana. Mungu awape nguvu. Naserian, pole kwa majeraha. Fabian, pole na wewe, nakutaja kwa jina ili watu wasikie nimekupa pole. Sabina, Mama Dorkasi, lala. Ulikuwa mwoga, na woga wako ulitulisha.

Na sisi tuliobaki. Kesho au keshokutwa mtaitwa msibani, maana misiba haiishi. Mkifika na fyekeo, kabla hujainua mkono, uliza: hili jani lilikuwa la nini? Huu uzio ulikuwa unakinga nini? Mfiwa hataamrisha, kwa hiyo uliza wewe. Dawa ni jioni. Alisema jioni, mlimcheka, basi sasa nasema mimi: jioni. Na kona moja ya uwanja wako iache. Wakija na chaki, waandike.

Nimewaambia mwanzo mwongeze sauti. Sasa naomba kinyume chake, na hakuna mtangazaji anayeombaga hivi. Izimeni redio. Kweli, izimeni. Tokeni nje, simameni karibu na maua yoyote mliyonayo, maharage, mbaazi, hata maua ya jirani. Simameni hapo, msiongee.

Kama mnasikia kitu kinavuma, mshukuruni Mungu na mrudi ndani taratibu. Kama mnachosikia ni pumzi yenu tu, basi mmeshajua kwa nini natetemeka.